Nukta Zilizofuata Barabara

Kwenye ramani za mambo ya kale ya kaskazini mwa Tanzania, zile zinazoonyesha palipopatikana zana za mawe na vigae, nukta zimebanana Olduvai na Laetoli, zikatapakaa kandokando ya Ziwa Eyasi, zikapita Engaruka, kisha zikarukia milima ya Upare. Kilimanjaro utaona nukta chache, nyingi zikiwa zimejipanga sehemu za chini, na juu yake weupe mtupu. Asiyejua ataondoka akiamini kwamba watu wa kale waliuogopa mlima huu wenye mvua, udongo mzuri na mito isiyokauka. Baadhi ya ramani hizo nilizitia wino mimi mwenyewe. Weupe ule naujua ulikotoka.

Nilikuwa mchoraji ramani, si mpima ardhi, ingawa mitaa ya Majengo na Njoro ninakofahamika mpaka leo wananiita Mpimaji. Mpimaji hutoka na vyombo vyake akachomwa jua. Mchoraji hukaa mezani akayaweka sawa aliyoyaleta mwenzake. Mali yangu ilikuwa kalamu za Rotring za unene tofauti, karatasi angavu ya kunakilia, na wembe wa kukwangulia wino uliopotea njia. Nilizaliwa Kirua Vunjo, nikasomea kazi hiyo miaka ya sabini, na mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa Moshi mjini nikichora viwanja vya watu na kungoja mshahara ambao ulikuwa hautoshi hata sukari.

Ndipo alipoingia ofisini dada mmoja amebana bomba la karatasi kwapani. Jina lake silitaji, kwa kuwa alipostaafu aliniomba nisimweke kwenye maandishi ya mtu yeyote, nami nilimwahidi. Nitamwita Daktari, ingawa udaktari wenyewe aliupata baadaye. Alikuwa miongoni mwa waliosoma akiolojia hapahapa nyumbani, baada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzisha kitengo cha somo hilo mwaka 1985 chini ya Profesa Peter Schmidt. Waliomtangulia walilazimika kuvuka bahari. Fidelis Masao, ambaye mwaka 1974 aliandika kuhusu mifongo, ile mifereji ya maji ya Uchagga, udaktari wake aliufuata Canada.

Alikuwa Mpare wa Usangi na mimi Mchaga, kwa hiyo utani ulitangulia kazi. Nilimwambia Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kortini kudai kuku. Akanijibu kwamba Mchaga akifa hawamwiti mganga. Wanachezesha sarafu sikioni mwake, asipoinuka ndipo wanachimba kaburi. Tukaelewana tangu siku ile.

Utotoni kwao, alinisimulia, watoto walikuwa wakirushiana mavi ya chuma, yale mabaki meusi ya tanuri za Washana, ukoo wa wahunzi uliowahi kuitawala Ugweno kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Profesa Isaria Kimambo, naye Mpare, aliyaandika hayo katika historia ya siasa za Wapare iliyochapishwa mwaka 1969. Daktari alipokisoma kitabu kile chuoni ndipo alipojua kwamba alikuwa akimtupia dada yake kumbukumbu za utawala wa Ugweno.

Kutoka kwenye lile bomba alitoa ramani za 1:50,000 na nakala za makala mbili. Moja ni ya Fosbrooke na Sassoon, kutoka toleo la jarida la Tanzania Notes and Records la mwaka 1965 lililohusu Kilimanjaro. Nyingine ni ya Knut Odner, Mnorwe aliyepita Upareni na kwenye miteremko ya mlima huu, akachapisha matokeo katika jarida la Azania mwaka 1971. Odner alikuta Upare Kaskazini vigae vya jamii ya Kwale, vyungu vya wakulima waliokuwa wakitumia chuma katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Kituo chake mashuhuri kinaitwa Usangi Hospital. Daktari alikiwekea kidole kwenye ramani akaniuliza, uso mkavu kabisa: "Hivi kaka, watu wale walijuaje kwamba siku moja patajengwa hospitali pale?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Swali lile alilibeba maisha yake yote ya kazi, na mimi nikambebea nusu.

Tulianza kutafuta vituo kwa picha za angani. Nyingi zilipigwa enzi za Mwingereza, na ndizo zilizozaa ramani zetu. Unachukua mbili zinazopishana kiasi cha asilimia 60, unaziweka chini ya stirioskopu, kile kimiwani chenye miguu ya waya, unavuta huku na huku mpaka kichwa kikuume kidogo, halafu ghafla ardhi inainuka: vilima vinasimama, makorongo yanazama. Ukitazama hivyo Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, utaona kazi ya mikono ya watu imelala wazi: kuta za mawe, vipande vya mashamba, mifereji, kiasi cha kilomita za mraba 20, vyote viliachwa karne ya kumi na nane hivi. Hans Reck alipafika mwaka 1913, Louis Leakey miaka ya thelathini, Sassoon akachimba miaka ya sitini, na baadaye sana Daryl Stump na wenzake wakapima ukuta mmoja baada ya mwingine. Ni nchi kame, majani haba. Inapigika picha.

Kisha ukiweka chini ya stirioskopu picha za mlima wetu, kutoka Kibosho mpaka Mwika, unaona manyoya ya kondoo. Migomba, mringaringa juu yake, kahawa chini yake, na nyumba za watu zimefichwa humohumo. Kuanzia kama mita 1,000 mpaka 1,800 kutoka usawa wa bahari hakuna ardhi inayoonekana. Chombo kilichowafaa wenzetu wa nyandani kwetu kilikuwa kipofu. Na kibaya zaidi, vihamba vile, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, havikuachwa kama Engaruka. Vimelimwa, vimerithiwa, vimegawanywa na kulimwa tena, na udongo wa mlima wa moto ukiwa laini na wenye kina, cha jana kiko juu na cha juzi kiko chini ya futi nyingi.

Kwa hiyo ilibidi tutembee. Vitabu vya akiolojia vinafundisha kuchora mistari iliyonyooka kwenye ramani na kuifuata kwa miguu, kila baada ya hatua kadhaa ukitazama chini. Aliyebuni njia hiyo hakuwa na makorongo ya Uchagga. Ukianza Kirua unaelekea mashariki, kabla hujapasha misuli umeshuka korongo la kuvunja magoti, ukapanda, ukakuta jingine. Daktari aliachana na mistari ya mashariki na magharibi, tukawa tunafuata migongo ya mlima, juu na chini, mgongo mmoja kwa msimu. Nilikuja kuona kwamba ndivyo nchi yenyewe ilivyokuwa ikiishi: kila mgongo na mangi wake, yaani mtawala wake, mfongo unashuka nao, ng'ambo ya korongo ni ugenini.

Mifongo ilitufaa sana. Mzee anayesimamia mfongo anajua mdomo wake ulipo kule msituni, anajua unapita kwa nani na kwa nani, na nduwa, lile bwawa la kuhifadhia maji ya usiku, lilichimbwa na ukoo gani. Ukitembea naye umeshapata mstari wa kilomita nyingi ambao picha ya angani isingekupa. Mimea ya masale nayo ilikuwa alama. Safu ya masale ni mpaka, na Mchaga hang'oi masale ya mpaka kwa mchezo. Kichaka cha masale kilichojitenga katikati ya migomba kina maana nyingine: hapo huenda wamelala wazee wa boma, kwa kuwa zamani baada ya muda mafuvu yalifukuliwa yakahifadhiwa chini ya masale. Daktari aliandika masale yote kwenye daftari, lakini penye vichaka vile hakuwahi kuokota hata kigae kimoja. Wenyeji waliliona hilo bila kuambiwa.

Msaada mkubwa kuliko wote ulitoka kwa watu ambao hakuna mwongozo wa utafiti unaowataja: mafundi wa kuchimba vyoo. Fikiria. Mtu anateremka mita nne, tano, kwenye udongo ule mwekundu, kwa sululu na ndoo, na kila anachokikuta anakipandisha juu. Hakuna mwanaakiolojia Tanzania aliyewahi kupewa fedha za kuchimba mashimo mengi namna ile. Kulikuwa na fundi mmoja upande wa Mamba, mtu wa maneno machache, ambaye Daktari alimwachia tepu ya kupimia na daftari la shule. Tulipomrudia msimu uliofuata alitutolea debe la vigae, kila kifungu kimefungwa kwa jani kavu la mgomba na karatasi ndani yake: kwa nani, kina gani, udongo wa rangi gani. Kimoja kilikuwa na mistari iliyochorwa kwa kitu chenye ncha chini ya mdomo wa chungu, kimetoka zaidi ya mita mbili chini. Daktari alikigeuza mkononi kwa muda mrefu.

"Meku," alimwambia, kwa heshima ya kwetu ingawa si lugha yake, "hili shimo bado liko wazi?"

"Limeshaanza kutumika, mama."

Tulichimba pembeni yake, kwa ruhusa ya mwenye nyumba na pua zikiwa zimefungwa. Makaa tuliyoyapata yalikuwa yamepenywa na mizizi ya mringaringa, hayakufaa kupelekwa maabara kupimwa umri. Nukta ikabaki nukta, bila tarehe. Wanafunzi wa siku hizi wakisoma ripoti huona tu maneno "kigae kimoja, kina cha mita 2.3" na kupita.

Tulipata pia somo la mashimo mengine, yale mahandaki ambayo Wachaga waliyachimba kujificha na mifugo yao wakati wa vita, dhidi ya Wamasai na dhidi ya majirani wa ng'ambo ya korongo. Hayo si ya zama za mawe, lakini yalikuwa kwenye orodha ya Daktari na mimi ndiye niliyepaswa kuyachora. Chini ya ardhi setilaiti haisaidii, hata leo. Unakwenda na dira, tepu na taa ya mkono, unasoma pembe, unapima, unainama, unasonga, unasoma tena. Jioni tulipoweka mchoro wa handaki moja juu ya ramani ya vihamba, tukakuta limetoka kwa mwenye nyumba, likapita chini ya migomba ya jirani yake, likaishia karibu na kijito. Jirani alikuwapo. Akakodolea macho ile karatasi, akauliza swali ambalo sheria ya ardhi niliyoisoma haikunipa jibu: "Sasa hapo chini ni kwangu au kwake?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Kilimanjaro hakuna ramani ya kale. Kuna ramani ya ardhi tu, na ardhi ni haba. Mtu anayepita vihambani na chombo kwenye miguu mitatu haulizwi anatafuta nini. Wanaulizana ametumwa na nani. Wengine walidhani ni mipaka inapimwa upya. Wengine walikuwa na hakika kabisa kwamba tunatafuta mali za Mjerumani. Hili si la Uchagga peke yake, Tanzania nzima kuna watu wanaozunguka na ramani zilizochakaa wakitafuta masanduku ya rupia waliyoyafukia Wajerumani wakikimbia vita. Jiwe tulilotia alama ya rangi leo, wiki ijayo lilikuwa limepinduliwa na chini yake shimo la kina cha mtu. Huko Keni, Rombo, kwenye mabaki ya kuta za mawe ambazo wazee wanasema ni za Mangi Horombo, tulikuta mashimo mapya ya vijana wa sululu mahali ambapo hapakuwa na chochote cha thamani isipokuwa mpangilio wa yale mawe, na mpangilio ndio walioutawanya. Tangu hapo rangi tuliiacha nyumbani, na kwenye kila ramani iliyotoka nje ya mikono yetu Daktari alinitaka niisogeze nukta kidogo, vya kutosha kumchosha mtu mwenye sululu.

Njia ya kuingia vihambani tuliipata kanisani. Barua ya mkoa tulikuwa nayo, kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia tulikuwa nacho, cha Idara ya Mambo ya Kale nacho, vyote vina mihuri. Kilichofungua mageti ni matangazo ya Jumapili baada ya ibada, kwa Walutheri upande huu na kwa Wakatoliki upande ule: kuna mgeni, ni mwalimu wa chuo kikuu, anatafuta vigae vya wazee wetu, hapimi mashamba. Mwinjilisti akishasema hivyo, Jumatatu unakaribishwa mbege.

GPS ya kwanza niliishika miaka ya tisini, nzito, inakula betri kama mtoto anavyokula pipi, na chini ya migomba iliyolowa inakaa inatafuta setilaiti mpaka unaweza kumaliza sigara. Nayo ilikuwa inadanganya, kwa makusudi ya wenyewe. Jeshi la Marekani lilikuwa likiichafua ishara ya raia, unaweza kukosea hata mita 100, mpaka tarehe 2 Mei 2000 walipoacha. Siku chache baada ya hapo Daktari alinipigia simu kutoka Dar es Salaam, anacheka kama msichana: kaka, toka nje usimame na kile chombo, uone kimetulia!

Lakini hata kilipotulia kulikuwa na jambo. Kila tulipopeleka namba za GPS kwenye ramani zangu, vituo vyote viliteremka mlima kwa karibu mita 300. Choo cha Mamba kiliingia bonde la mtu mwingine. Shule ya msingi ikaonekana imesimama mtoni. Chanzo chake si ubovu wa chombo wala mkono wa mchoraji. Ramani zetu zimejengwa juu ya mfumo uitwao Arc 1960, unaofuata umbo la dunia alilolikokotoa Clarke mwaka 1880, na setilaiti zinafuata mfumo mwingine, WGS 84. Sehemu ileile ya ardhi ina namba mbili tofauti, na huku kwetu tofauti hiyo inaangukia zaidi kaskazini na kusini. Nyikani mita 300 si kitu. Uchagga ni kupita vihamba vya ndugu watano na kuangukia kwa mtu mliye na kesi naye. Niliandika mfumo uliotumika kwenye pembe ya kila karatasi, kwa wino mwekundu, na bado nimeona kazi za watu wazima ambazo vituo vyake vinaogelea mtoni.

Miaka ileile wapima ardhi wa chuo cha ardhi cha Dar es Salaam na wenzao wa Karlsruhe, Ujerumani, walipanda kilele cha Kibo mwaka 1999 na vyombo vya setilaiti wakapata mita 5,892 na ushei, badala ya 5,895 tuliyofundishwa shuleni, ambayo ilitokana na vipimo vya Waingereza vya mwaka 1952. Vijiweni Moshi wakasema mlima umepungua, wengine wakalaumu barafu. Nilichoka kueleza. Vibao na fulana zimebaki na 5,895, nadhani kwa sababu fulana zilikuwa zimeshachapishwa.

Sasa nifike pale ninapotaka. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili chuo kilipata kompyuta zenye programu za ramani, na Daktari aliniita Dar es Salaam nisaidie kuingiza karatasi zangu zote. Tuliingiza vituo vyetu vyote, vya Odner, vya Fosbrooke na Sassoon, na vile vilivyokuwa kwenye mafaili ya Mambo ya Kale. Jioni moja, kila mtu ameshaondoka, alifungua tabaka la barabara na kuliweka juu ya nukta. Halafu shule. Halafu hospitali na makanisa. Tulitazama kioo kile bila kuzungumza. Nukta zilikuwa zimeshikilia barabara kama shanga kwenye uzi uliolegea. Penye kingo za barabara zilizochongwa, nukta. Penye msingi wa shule, nukta. Palipokuwa na fundi wa choo mwenye daftari, kishada cha nukta. Baina ya hapo, hakuna kitu.

"Usangi Hospital," alisema.

Wapo ambao wangeona hiyo ni kazi iliyoharibika. Mimi nasema ndiyo kazi kubwa aliyoifanya kuliko zote, kwa sababu alikuwa na la kuonyesha. Ramani ya watu wa kale wa Kilimanjaro ilikuwa ramani ya watu wa karne ya ishirini: walipochonga, walipojenga, walipofika wakiwa na gari. Wakati barabara ya Marangu kwenda Tarakea ilipokuja kujengwa kwa lami, tulipita nyuma ya greda, na nukta nazo zikaelekea Tarakea, kama alivyotabiri.

Alichonitaka nifanye baada ya jioni ile hakikuwa cha kawaida. Alitaka kila ramani yetu ionyeshe mahali tusipofika. Si kuacha peupe, bali kuchora mistari ya mshazari, myembamba ya milimita 0.18, na pembeni kuandika sababu. Mimi mwenyewe nilibisha kidogo, maana mistari ile inakula wino na macho. Akasema, peupe panasema hapakuwa na watu, na sisi hatujui hivyo. Basi nilichora mishazari juu ya nusu ya mlima. Kitabu cha utafiti wake kilipokwenda mtamboni, mchapishaji, wa nje, aliiondoa akidai inachafua ukurasa, na ndivyo ramani ilivyotoka duniani: nukta na weupe. Nakala zenye mishazari zimebaki kwenye bomba nyuma ya kabati langu.

Alipokaribia kustaafu zilimfikia habari za laida, ile miale ya leza inayorushwa kutoka kwenye ndege ikapenya mianya ya majani na kurudi na sura ya ardhi. Caracol kule Belize waliitumia mwaka 2009 wakaona matuta ya mashamba ya Wamaya chini ya msitu, na Angkor, Kambodia, mwaka 2012 wakaona mitaa mizima. Alinionyesha picha zile kwenye simu, tumeketi kwa chai nje ya jengo la chama cha ushirika cha KNCU. Niliona wivu machoni mwake, na sikumlaumu. Nikamuuliza kama jani la mgomba, kwa upana wake ule, litapitisha leza. Akasema kiangazi labda, upepo ukiwa umelichana. Bei ya ndege kwa saa moja aliitaja, tukaagiza chai nyingine.

Mwaka jana alikuja kijana wa chuo, mwanafunzi wa uzamili, na droni kwenye mkoba na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga alichokihangaikia kwa miezi. Daktari ndiye aliyemwelekeza kwangu. Alitaka takwimu. Nilimpa disketi za ile kazi ya kompyuta, akazigeuza mkononi kama Daktari na kile kigae, maana hakuna kompyuta yake yoyote yenye pa kuziingiza. Nikatoa bomba. Karatasi angavu haina haja ya umeme; tuliikunjua juu ya meza ya kulia, mke wangu akaondoa vikombe.

Alipiga picha kila moja kwa simu, kisha akaanza kusoma sababu zilizoandikwa pembeni ya mishazari, kwa mwandiko wa Daktari. Mvua. Mazishi, tumeombwa turudi. Hatukuruhusiwa, kesi ya mpaka. Daraja limekwenda na maji. Gari. Gari. Kwenye mgongo mmoja wa upande wa Rombo, mkubwa, ambao mishazari inaufunika wote kuanzia barabarani mpaka msituni, pameandikwa neno moja tu: nyuki.

Kijana alicheka, akauliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, na kwamba Daktari alikimbia mbele yangu. Akakaa kimya kidogo akilinganisha na simu yake, akasema ataanzia hapo, Julai, maana pana shule mpya inajengwa juu kidogo na wanachimba misingi.

Nikamwambia kwanza apite kwa katekista, tangazo lisomwe Jumapili mbili mfululizo, na ile droni asiirushe kabla ya la pili.